Anzia Kwenye Soketi: Kuunda Kompyuta ya Gemu Kaloleni

Kijana akija kwangu na karatasi ya vipuri vya kompyuta ya gemu, mstari wa kwanza huwa kadi ya grafiki, tena kwa herufi kubwa. Pawa saplai iko chini kabisa, na mbele yake ameandika "yoyote". Mimi humwambia aigeuze karatasi, asome kuanzia mwisho.

Sababu ni mtaa wenyewe. Kaloleni ninayoisema ni hii ya Kisumu, jirani wa Shauri Moyo, si ile ya Nairobi wala ya Kilifi. Hapa stima huondoka bila kuaga na hurudi kwa kishindo. Mchana joto hufika nyuzi 30, na jioni upepo wa ziwa hutuletea mvua ya ngurumo. Video za vijana wa Ulaya na Marekani wanaounda kompyuta hazisemi lolote kuhusu mambo haya. Kwa hiyo tuufuate umeme unavyotembea, kutoka ukutani hadi kwenye skrini, na kila kipuri tukichague pale umeme unapokifikia.

Ukutani

Nyumba nyingi za mtaa huu ni za zamani. Nyaya zimeongezwa chumba kwa chumba, mpangaji baada ya mpangaji, na soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba lile la juu limeunganishwa na kitu. Tundu hilo ndilo la athi. Ikiwa athi haipo, dalili yake huenda unaijua tayari: ukiligusa kasha la kompyuta kwa mgongo wa mkono, huku umesimama peku kwenye saruji, unahisi mtekenyo kama wa sisimizi wanaotembea. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, na zikikosa pa kuumwaga, chuma cha kasha hubaki na volti karibu nusu ya zile 240 za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini unatosha kuharibu mlango wa HDMI ukichomeka skrini wakati vyote vimewashwa. Mwite fundi wa stima apime kabla hujanunua hata skrubu moja. Na mtekenyo ukiwa mkali kiasi cha kukurusha mkono, zima kila kitu usiguse tena hadi afike.

Radi nayo ni habari nyingine. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi, na hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia radi iliyopiga nguzo ya jirani. Ukisikia muungurumo, chomoa plagi. Chomoa na waya wa intaneti, maana wengi hukumbuka stima wakasahau kwamba radi huingia hata kwa mlango huo.

Kwa mengine yote, nunua UPS yenye kirekebisha volti ndani yake; kwenye boksi huandikwa AVR. Kile kifaa cha kulinda friji hukata umeme volti zikiyumba, kisha hungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Friji haijali kuzimika ghafla. Kompyuta iliyokuwa ikiandika kwenye diski inajali sana. Unaposoma boksi la UPS, kumbuka kwamba VA si wati: ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati 360 hivi. Betri yake mara nyingi ni ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 tu, na sehemu ya hizo hupotea njiani. Kompyuta inayokula wati 250 wakati wa gemu itaimaliza kwa dakika chache. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya ilipoingia gizani karibu yote, UPS ya namna hii isingekufikisha popote. Unainunua kwa ajili ya ule mkatizo wa sekunde mbili, ambao hapa kwetu ndio wa kila wiki, na upate nafasi ya kuzima kwa heshima mkatizo ukirefuka.

Kisanduku kizito

Sasa tuingie ndani ya kasha. Pawa saplai yangu ya kwanza niliinunua mjini, kwenye duka ambalo halina haja ya kutajwa. Lebo ilisema wati 500, rangi nyeusi inang'aa, feni ina taa ya buluu. Ilidumu wiki sita. Siku ya mwisho ililia kama karanga ikikaangwa, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikaondoka na ubao mama. Fundi aliyeifungua aliipima kwanza kwa kiganja, kama mama anayepima samaki sokoni, kisha akacheka.

"Mwalimu, hapa umeuziwa bati."

Alikuwa na haki ya kucheka. Transfoma ilikuwa ndogo kama kiberiti. Kwenye bodi palikuwa na nafasi zilizochapishwa majina ya koili za kuchuja umeme, lakini pale zilipotakiwa kuwa paliunganishwa vipande vya waya mtupu. Halafu akanionyesha kitu ambacho ningekisoma mwenyewe dukani kama ningejua. Kwenye lebo kuna jedwali, na safu moja imeandikwa +12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka safu hiyo, na karibu hapo pekee. Yangu ilisema ampea 16. Zidisha 16 kwa 12 upate wati 192. Zile 500 zilikuwa za kwenye rangi tu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, igeuze, tafuta +12V, zidisha. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 hukupa ampea 40 na ushee kwenye safu hiyo. Tafuta nembo ya 80 Plus, inayomaanisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia hutoka upande wa pili ukiwa na kazi, na hautoki kama joto ndani ya chumba chako ambacho tayari kina joto la kutosha. Nembo huigizwa, kwa hiyo ipime pia kwa mkono: chuma na shaba vina uzito. Mashine ninayoielekeza kwenye mwongozo huu hula wati 250 hadi 300, na 550 za kweli zinatosha na kubaki. Anayekuambia ununue 850 anataka kuuza.

Hiki ndicho kipuri pekee ambacho sikubali kununua cha mtumba.

Mtumba wa ofisini

Wengi wetu hatuanzi na vipuri vipya, na si aibu. Mashine za ofisini za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre huingia nchini zikiwa zimetumika, wauzaji wakiziita ex-UK hata zile ambazo hazijawahi kuiona Uingereza. Ni imara na huja na kila kitu isipokuwa kadi. Ndiyo njia ya bei nafuu ya kuanza, mradi uzijue kuta zake.

Ukuta wa kwanza ni umri. Muuzaji atakuambia "hii ni i7!" kwa sauti ya mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa. Muulize i7 ya lini. Tazama tarakimu zinazofuata: i5-3470 ni kizazi cha tatu, i5-8500 ni cha nane. i7-2600 ya mwaka 2011 hupitwa katika gemu na i3-12100 ya mwaka 2022, pamoja na jina lake kubwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha nane cha Intel. Gemu ya Valorant ikiwa juu ya Windows 11 hukagua TPM 2.0, kile kipengele cha usalama cha ndani ya mashine, isipoipata haifunguki. Kwa hiyo chini ya kizazi cha nane usishuke, hata kama bei inakukonyeza.

Ukuta wa pili ni umbo. Kasha jembamba, lile la kulala chini ya skrini, hukubali kadi fupi pekee. Chukua kasha la kusimama wima. Ukuta wa tatu ni pawa saplai yake: mara nyingi wati 240 hadi 300 tu, na baadhi zina pini za kiwanda chao wenyewe, kwa hiyo ya kawaida uliyonunua haiingii bila kiunganishi maalumu. Hapo ndipo hesabu ya wati 75 inapokuja. Sloti ya kadi hutoa wati 75 bila waya wa ziada, na kadi inayokaa chini ya hapo itaishi kwenye mashine ya ofisi bila ugomvi. GTX 1650 ya toleo lisilo na tundu la umeme ni mojawapo. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hula wati 70. Kuna na RX 6400 ya wati 53, lakini hiyo ina njia nne tu za data, na ikiwekwa kwenye ubao wa zamani hupungua kasi. Iache kwa wenye ubao mpya.

Vipuri vipya

Ukiwa na uwezo wa kuanza upya, usikimbilie ya juu. Prosesa ya Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, zote za mwaka 2022, zina viini sita na hazichoshi feni. Herufi F mwishoni ni onyo: prosesa hiyo haina grafiki yake, na bila kadi skrini itabaki nyeusi. Kwa anayejenga kidogo kidogo kwa pesa za chama, napendelea Ryzen 5 5600G. Ina grafiki ndani, utacheza eFootball na Counter-Strike 2 kwa mipangilio ya chini miezi yote unayoweka akiba ya kadi. Gemu hizo mbili ni za bure, jambo ambalo mwenye akiba hulithamini.

Ubao mama wa soketi ya AM4 unatosha kwa hizo za Ryzen, ila uliza swali moja: BIOS yake imesasishwa? Ubao wa B450 uliokaa kwenye rafu tangu zamani hauitambui prosesa ya Ryzen 5000. Utaunganisha kila kitu sawasawa, feni zitazunguka, skrini haitawaka, na utaapa kwamba umeuziwa kibovu. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na prosesa uliyoinunua ikiwa juu yake.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Prosesa husoma vijiti viwili kwa pamoja, na kwa 5600G, ambayo grafiki yake huazima RAM hiyo hiyo, tofauti huonekana kwa macho. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda dunia nzima kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu zao kwenye vituo vya akili unde. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Hapo DDR4 ya mtumba iliyopimwa inakuwa mkombozi. Kijiti cha RAM hakina feni wala kitu cha kuchakaa, ama kinafanya kazi ama hakifanyi.

SSD iwe ya GB 500 angalau. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta Aprili 2015 ilidai GB 65, na gemu nyingi za baada yake zimeipita. Ukiona diski ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za samaki pale ufukweni, ni flashi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Kompyuta itakuonyesha TB 2, na faili zako zitaanza kufutana baada ya GB 64.

Kadi

Sasa tumefika kwenye mstari wa kwanza wa karatasi ya yule kijana. Kwa kila shilingi 100 uliyopanga kutumia ndani ya kasha, 35 hadi 40 ziende kwa kadi, si 70. Kwa skrini ya kawaida ya 1080p chaguo langu ni RX 6600: GB 8, wati 132, haina joto la kutisha. RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri pia na itakufaa kama unahariri video, ila hula wati 170. Kadi hizi mbili ni za mwaka 2021. Kwa gemu zinazochezwa hapa mtaani hazijazeeka.

Mtego mkubwa ni majina. GT 710 na GT 730 huuzwa kama kadi za gemu kwa sababu boksi limeandikwa "GB 4", lakini wingi wa kumbukumbu haumfanyi punda kuwa farasi. Kisha kuna bandia halisi: kadi ya zaidi ya miaka kumi iliyobadilishwa programu yake ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Beba flashi yenye programu ndogo ya GPU-Z, iendeshe hapo hapo dukani. Tangu 2018 hutambua kadi nyingi za namna hiyo na kuandika FAKE mbele ya jina.

RX 580 ya mtumba ina historia yake. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni dunia nzima. Zingine bado ni nzima. Zingine feni zake zinalia na pesti kati ya chipu na kipoza imekauka kama udongo wa kiangazi. Kuna pia zenye herufi 2048SP, ambazo ni dhaifu kuliko RX 580 kamili ingawa jina ni lile lile. Ukikubali, omba ipimwe kwa kazi nzito dakika 15, na utazame kama kuna vidoti vya rangi kwenye skrini.

Skrini yenyewe nayo isikushangaze: monita nyingi za mtumba zina tundu la VGA, na kadi nilizopendekeza hazina. Hakikisha ina HDMI au DisplayPort. Na siku ya kuwasha, waya wa skrini uingie kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Nimeitwa mara tatu "kurekebisha kadi mbovu", na mara zote tatu nilihamisha waya sentimita kumi kushuka chini, nikanywa chai, nikarudi nyumbani.

Joto, vumbi na nzi wa ziwa

Chagua kasha ambalo uso wake wa mbele ni wavu. Kioo cha mbele hupendeza kwenye picha na huoka kadi chumbani. Feni mbili zivute hewa mbele, moja itoe nyuma. Usiliweke sakafuni, vumbi la kufagia lote litaingia, na mvua kubwa ikipita chini ya mlango utajuta.

Halafu kuna wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi na kufuata mwanga usiku. Mwezi ambao wamejaa, kompyuta yenye taa za rangi karibu na dirisha lililo wazi ni mwaliko. Hufia ndani, hushikamana na vumbi, na huwa tabaka laini kwenye mapezi ya kipoza. Mimi nimefunga kipande cha soksi ya nailoni mbele ya feni za kuvuta, nakivua na kukiosha kila Jumamosi. Kinapunguza hewa kidogo, kwa hiyo usikiweke mara mbili. Unapopuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke, na usipeleke mashine kwa yule kijana wa kuosha magari: kompresa yake hutema maji.

Kununua

Bei zimefungwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, katikati ya mwaka huo ikawa karibu 130, lakini vibandiko vya bei kwenye rafu havikushuka kwa haraka viliyopandia. Linganisha maduka ya Oginga Odinga Street na ya Nairobi kwa simu siku hiyo hiyo, kisha ongeza nauli ya kifurushi cha basi kabla ya kusema Nairobi ni rahisi. Kitu kizito na kigumu kuharibika, kama kasha, kinunue hapa. Tuktuk itakufikisha mlangoni. Kwenye soko la Kibuye siku ya Jumapili utapata kibodi, monita na spika kwa bei ya kuongea, mradi pawepo na soketi ya kujaribia.

Kadi na prosesa za mbali usilipe kwa M-Pesa kabla ya kuziona zikifanya kazi, hata muuzaji akutumie video tatu. Mtafute mtu unayemwamini Nairobi aende. Na risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya kipuri, si neno "kadi" peke yake, pamoja na idadi ya siku za dhamana. Muuzaji akikataa kuiandika namba hiyo, mrudishie kipuri chake, uondoke.